Mnyororo wa Simu wa Mtaa wa Kanisani

Inatangazwa kwa wakazi wote wa halmashauri hii, wazima kwa wagonjwa, kwamba katika kipindi chote cha maradhi haya hakuna mtu atakayeachwa peke yake. Kila familia inaombwa kuwa mkono wa jirani yake pasipo kuvuka kizingiti. Anayeweza kuoka na aoke, atundike mfuko kwenye kitasa cha jirani, abonyeze kengele na arudi nyuma. Mwenye watoto na awape rangi wachore, na michoro ibandikwe madirishani. Mwenye simu na apige. Kila asubuhi, katika kila mtaa, sauti ya jirani itafika kila nyumba. Na pale itakaposhindwa kufika, itajulikana papo hapo.

Ndivyo alivyoandika meya, au yule anayemwandikia meya, na karatasi ikaingizwa katika masanduku ya barua ya Sønderhede, mji mdogo wa Denmark, mwezi wa Machi, wiki ile mpaka wa Ujerumani ulipofungwa na shule zikatoa watoto kama nyumba inayoungua. Herdis Mølgaard aliisoma akiwa amesimama jikoni. Palipoandikwa “anayeweza kuoka” alisoma mara mbili, akatafuta kama kuna aliyemkusudia yeye.

Herdis alikuwa mjane, karibu miaka themanini, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa na duka la nyuzi za sufu karibu na kanisa. Alijua kifua cha kila mwanamume wa mji ule kwa sentimita, kwa sababu wake zao walikuja kwake na vipimo. Alijua nani amenenepa na nani sweta lake limeishia kwapani kwa sababu mchumba aliondoka. Hakuwahi kumwambia mtu. Huko Jutland ya magharibi, mwenye duka akizungumza hana duka.

Mnyororo wa simu ni yeye aliyeuanzisha, miaka kadhaa kabla ya korona, na hakuuanzisha kwa wema. Minyororo ya namna hiyo ilikuwapo mji mzima: wazee wanaoishi peke yao wanapigiana asubuhi, wa kwanza anampigia wa pili, wa pili wa tatu, mpaka wa mwisho anampigia wa kwanza, na duara linafunga. Usipojibiwa, unapiga tena. Ukikuta kimya tena, unamwarifu mkuu wa mnyororo, naye anatuma mtu akagonge mlango. Mkuu wa mnyororo wa Mtaa wa Kanisani alikuwa Herdis. Na sababu ya mnyororo ilikuwa kaka yake, Villads, ambaye hakuwa akisema naye.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye kahawa ya mazishi ya mama yao. Herdis alioka keki saba, kama heshima inavyotaka. Villads alikata kipande cha ile ya mlozi, akatafuna, akatafuna, kisha mbele ya mchungaji na ukoo mzima akaomba maji.

“Dada,” alisema, “hii tule au tujengee?”

Watu walicheka, maana walikuwa wamelia asubuhi nzima na walihitaji pa kutokea. Herdis hakucheka. Alisema kwamba mtu ambaye hakukaa hata usiku mmoja kando ya kitanda cha mama hana meno ya kusema juu ya keki. Kicheko kikafa. Villads aliweka sahani chini, akavaa kofia yake, akarudi kwenye shamba la wazazi wao kwa kondoo zake. Tangu siku hiyo, wakikutana dukani, Villads alichunguza viazi na Herdis alichunguza dari.

Mtaa mzima ulijua. Na kwa kuwa watu wa Sønderhede ni watu wenye adabu zao, mtaa mzima ulinyamaza. Mbele ya Herdis jina la Villads lilizungukwa kama dimbwi la maji, na mbele ya Villads la Herdis vivyo hivyo. Hakuna aliyewapatanisha. Kupatanisha kungekuwa kuingilia.

Lakini Villads alikuwa amemzidi Herdis miaka miwili, moyo wake ulikuwa na kifaa cha betri, na shamba liko mbali na barabara kuu. Ndipo Herdis akabuni mnyororo. Alimwingiza Villads kupitia mtu mwingine na akaupanga hivi: yeye Herdis anampigia Thorvald Krabbe, mwalimu mstaafu wa udereva, Thorvald anampigia Agnete Hvid, mjane asiye na mtoto anayeishi juu ya lililokuwa duka la mkate, Agnete anampigia Villads, Villads anampigia yule anayemfuata, na huyo wa mwisho anampigia Herdis. Kwa mpango huo Herdis alijua kila asubuhi kwamba kaka yake yu hai, na kaka hakupata kutoka kwake hata salamu. Aliona ni kazi safi. Haikuwa na uzi unaoning'inia.

Tangazo la meya lilipokuja, yule wa mwisho alikuwa amehamia nyumba ya wazee, ambayo sasa milango yake ilikuwa imefungwa na ndugu wakisimama bustanini kupunga mikono. Nafasi yake ikachukuliwa na familia ya Signe na Jeppe Bjerregaard, watu wa makamo, wenye watoto watatu, mbwa, na hamu kubwa ya kusaidia ambayo haikuwa na pa kwenda. Walioka mikate midogo kila Jumatano na Jumamosi na kuitundika kwenye vitasa. Watoto walichora pinde za mvua. Na kila asubuhi, baada ya kupigiwa na Villads, walimpigia Herdis kwa kipaza sauti, wote watano kwa pamoja, na mbwa.

“Habari ya asubuhi, Herdis! Wote wameamka!”

Ndani ya hilo neno “wote” alikuwamo Villads. Herdis hakuhitaji zaidi.

Saa yake ilikuwa yai. Akishampigia Thorvald alitia yai sufuriani, akalichemsha, akalila na mkate mweusi, akaosha kikombe, akafungua gazeti. Akifika kwenye matangazo ya vifo, ambayo msimu ule yalikuwa yameanza kuingia ukurasa wa pili, ndipo simu ililia. Mnyororo ulichelewa kwa sababu za kibinadamu. Agnete hakuweza kusema “nimeamka” bila kueleza magoti yake yote mawili. Villads alihitaji muda wa kutoka zizini, kuvua buti na kulaani simu.

Halafu Jumanne moja simu ililia yai likiwa bado linagonga pande za sufuria.

“Wote wameamka!” alisema Signe. Watoto hawakuwapo. Alikuwa peke yake.

“Mapema leo,” alisema Herdis.

“Eee, leo tumekimbia!” Signe alicheka, na kicheko kikakatika kabla ya wakati wake. “Basi, Herdis, uwe na siku njema, ee?”

Herdis alibaki na mkono wa simu hewani. Yai liliendelea kugonga.

Jumatano ikawa hivyohivyo. Alhamisi pia. Herdis si mtu wa kuogopa ovyo, lakini ni mtu wa kufuma, na mfumaji akiona sweta limekuwa fupi anajua kuna mistari haikufumwa. Mtu fulani katikati alikuwa haongei. Alimfikiria kaka yake, kifaa cha betri, ngazi ya darini yenye kipago kilichooza tangu enzi za baba. Hakumfikiria mtu mwingine yeyote.

Ijumaa alipompigia Thorvald alijaribu kupitia upenuni.

“Thorvald, umeamka?”

“Mimi nimeamka, bibie. Mgongo bado umelala, nimeuacha upumzike.”

“Huko mbele vipi?”

“Mbele shwari.”

“Agnete?”

“Agnete si unamjua? Agnete ni Agnete.”

Herdis alivuta pumzi. Jina lililobaki lilikuwa kwenye ulimi, silabi mbili tu, jepesi kuliko mengi aliyowahi kutamka. Halikutoka. Upande wa pili Thorvald naye alisikika akisubiri lisitoke.

“Haya,” alisema Herdis. “Siku njema.”

“Nawe, bosi.”

Alasiri hiyo aliinua simu tena na kuanza kubonyeza namba ya shamba. Hakuhitaji kuitafuta; ilikuwa namba ya utoto wake. Alibonyeza tarakimu zote isipokuwa ya mwisho, kisha akairudisha simu mahali pake kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha sahani ya wenyewe. Kama yu hai, angejibu, na Herdis angekuwa amepiga yeye kwanza. Kama hayu hai, basi kulikuwa na haraka gani? Alijisikia akiwaza hivyo, akaketi.

Nje mji ulikuwa umepauka. Shakwe walitembea katika uwanja wa shule kama walimu wa zamu. Gari la maiti lilipita polepole likielekea kanisani, halina msafara, dereva peke yake, na mchungaji akalipokea langoni akiwa amesimama mbali. Herdis alitazama ubavuni mwa gari kana kwamba wangeandika jina. Kwenye televisheni waziri alisema wananchi wamejitoa kwa namna ya kugusa moyo. Jioni taa ya trekta ilipita mtaani, ikapunguza mwendo, ikaendelea. Herdis hakuiona. Alikuwa ameketi na mgongo kwa dirisha, akifumua soksi iliyokuwa haina kosa.

Jumamosi, yai. Simu. “Wote wameamka!”

“Signe,” alisema Herdis.

“Naam?”

“Wote?”

Mbwa alibweka mbali.

“Wote kabisa, Herdis,” alisema Signe, kwa ile sauti laini inayotumika kumwambia mtoto kwamba paka amekwenda kuishi shambani. “Usiwe na wasiwasi. Ukihitaji mikate useme, sawa? Jeppe ameoka kama kichaa.”

Huo upole ndio uliomuua. Usiku ule Herdis hakupata usingizi wa maana, na Jumapili, baada ya kumpigia Thorvald na bila kusubiri duara lifunge, alitoa baiskeli.

Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ghuba na kukaa barabarani. Alipita chini ya madirisha ya Agnete Hvid. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Analala huyu, alifikiri Herdis, watu wengine wana bahati, akakanyaga pedali. Njiani hakukutana na mtu. Alijitayarishia maneno kwa hali zote mbili. Kwa kaka aliye hai alikuwa na sentensi kavu kuhusu kanuni za mnyororo. Kwa ile hali nyingine alikuwa na moja tu, na haikuwa kavu.

Uani shambani hapakuwa na mtu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, buti moja kizingitini, imelala ubavu. Herdis aliitazama ile buti. Alitaka kuita akagundua kwamba hajui amwite nini. Miaka yote hiyo hakuwa na haja.

“Mbona umesimama kama mkusanya kodi?” ilisema sauti nyuma yake.

Villads alikuwa kwenye mlango wa zizi, uma wa majani mkononi, mguu mmoja kwenye soksi, amekonda, ndevu zimemwota, hai kabisa. Mwana-kondoo alichungulia kati ya miguu yake.

Herdis aliitafuta ile sentensi kavu. Haikuwapo.

“Uko hai,” alisema.

“Pole kwa usumbufu.”

“Kwa nini hujibu simu?”

“Simu gani? Wewe si ndiye umenitoa kwenye mnyororo wako?”

“Nimekutoa? Mimi?”

“Nani mwingine ndiye bosi huko? Tangu yule kondoo wa uso mweusi azae, Jumanne ya wiki hii, hakuna aliyenipigia. Nikasema haya, kazeeka, hasira zimerudi, kanifuta. Sikutaka kubembeleza.” Alichomeka uma ardhini. “Jumanne nilingoja hadi karibu mchana. Buti nimeshavua, nimekaa pale kama bwege.”

“Sikukutoa.”

“Basi asante.”

“Usinishukuru, sijafanya kitu!”

“Na mimi nimekuja mjini mara tatu na trekta kuangalia kama taa yako ya jikoni inawaka,” alisema Villads, sasa kwa hasira ya kweli. “Kwa sababu Agnete ndiye aliyekuwa akiniambia. Kila asubuhi, baada ya magoti. ‘Bosi kaamka,’ anasema. Sijamuuliza mimi. Alisema mwenyewe tu. Nikakosa hata hilo.”

Herdis alisikia maneno hayo, na kwa muda mfupi, mfupi sana, yalimpasha moto. Alikuwa amejiona yeye tu mwenye ujanja.

“Keki ile ilikuwa kavu kweli?” aliuliza, na hajui mpaka leo kwa nini.

“Kama jiwe la mpaka,” alisema Villads. “Lakini sikupaswa kusema. Na mama, mimi, yaani, nilishindwa kumtazama vile. Basi.”

Walisimama na lile rundo la samadi kati yao, umbali ambao waziri angeufurahia. Kisha Herdis, ambaye mikono yake ilikuwa imezoea kurudi nyuma kutafuta tundu lilikoanzia, akasema polepole:

“Agnete hakukupigia tangu Jumanne.”

“Ndiyo ninavyokuambia.”

“Agnete.”

Villads aliuacha uma. Aliingia ndani na soksi yake iliyolowa, na Herdis akasimama mlangoni akisikia simu ikilia upande wa pili, mbali, juu ya duka la mkate lisilooka. Ililia mpaka ikachoka.

Walikwenda mjini na pikapu. Herdis alikaa nyuma pamoja na baiskeli yake na gunia la chakula cha kondoo, kwa sababu ya maradhi, akashika kofia. Thorvald aliwaona wakipita pamoja, akatoka nje na kandambili. Alifika kwenye ua wa nyuma wa Agnete akihema.

“Jamani, mmepatana?” alisema. Kisha akaona nyuso zao.

“Agnete ulimpigia lini, Thorvald?” aliuliza Herdis.

“Mimi? Agnete… Yaani, Jumanne hakupokea.”

“Ukapiga mara ya pili?”

“Bibie, sikiliza. Nilijua kaenda zake kwenye kibanda chake cha pwani. Alikuwa anasema tangu zamani, nitatoroka, nitatoroka, na tumeambiwa tusitoke. Sasa nikisema hajibu, mnatuma watu, wanakuta nyumba tupu, anaaibika. Ningemchongea Agnete?” Alimtazama Villads. “Na huyu nilimwona kwa macho yangu anapita na trekta, mzima kama ng'ombe. Nikampigia Signe moja kwa moja, duara lifunge. Nikamwambia, usimtaje-taje Villads kwa Herdis, unajua tena mambo yao.”

“Na Signe akakubali.”

“Signe mstaarabu sana,” alisema Thorvald.

Walipanda ngazi za nje. Kwenye kitasa kulikuwa na mifuko miwili ya karatasi, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja umefungwa utepe wa rangi. Ule wa jana ulikuwa bado unanukia hiliki. Ule wa chini ulikuwa umelowa ukungu, na mchoro wa upinde wa mvua ulioambatanishwa ulikuwa umeachia rangi mpaka kwenye mbao. Jumamosi hii mtu alikuwa amefika hapa, akauona wa Jumatano, akatundika wa kwake juu yake, akabonyeza kengele, akarudi nyuma.

Villads alibisha kwa ngumi. Herdis alisema, “Agnete, ni sisi,” na kusikia alivyosema “sisi” kukamwogopesha. Thorvald alianza kueleza tena juu ya kibanda cha pwani, akaacha katikati, kwa kuwa baiskeli ya Agnete ilikuwa chini ya ngazi na koti lake la safari lilionekana kupitia kioo, limetundikwa.

Polisi alikuja na fundi wa kufuli, wote wamevaa glavu. Waliwaambia wakae uani. Ndugu wawili walikaa kwenye benchi, huyu mwisho huu na yule mwisho ule. Hakuna aliyelia. Baada ya muda Villads alivua jaketi lake na kulisukuma kwenye mbao za benchi mpaka likamfikia dada yake, naye akalivaa, lilikuwa likinuka kondoo.

Polisi, kijana mwenye nywele zilizokosa kinyozi, alishuka, akavua kofia, akasema walilokuwa wakilijua. Alikuwa ameanguka jikoni. Haikuwa korona, alisema daktari baadaye. Ulikuwa mfupa wa nyonga, na muda.

“Muda gani?” aliuliza Herdis.

Kijana aliinua macho kwenye ile mifuko ya kitasani. Alisema tu kwamba marehemu inaonekana alikuwa na watu wa kumjali, kwa ile mikate.

Mnyororo uliendelea Jumatatu. Thorvald alimpigia Villads, naye akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Mwishoni mwa Aprili gazeti la halmashauri lilichapisha picha ya madirisha ya Mtaa wa Kanisani yenye michoro ya watoto, na kuandika kwamba tangu tangazo la meya minyororo ya simu ya Sønderhede haikukatika hata asubuhi moja, jambo ambalo, kwa namna duara lilivyofungwa kila siku, lilikuwa kweli.

Polisi aliichunguza simu ya mezani ya Agnete, ambayo ina kidirisha cha kuonyesha simu zisizopokelewa. Zilikuwa mbili. Moja ya Thorvald, ya Jumanne asubuhi. Nyingine ya Villads, ya Jumapili.